Makaburi ya Kale na Mtoto Aliye Mlangoni

Neno lililotolewa katika kipindi cha Jumapili. Masomo: Yoshua 7:26, Marko 5:1-20, Hosea 2:15.

 

Kwa majuma mengi barua na ujumbe wa simu vimefika mezani petu vikiuliza jambo moja kwa namna nyingi. Mmoja anauliza: Mkristo ana ruhusa ya kutembelea makaburi ya watu wa zamani? Mwingine anasema: karibu na shamba letu kuna kilima, wazee wanasema mkubwa fulani amezikwa pale, na usiku moto unaonekana; tuhame? Wa tatu anauliza neno zito kuliko yote: mtoto wa ndugu yangu anasemwa kwamba anakwenda makaburini usiku; tumfanye nini?

Tumeyaweka maswali haya pamoja kwa sababu yanaota kwenye mzizi mmoja. Na jibu letu tunalisema mwanzoni, kusudi hata yule asiyeweza kusikiliza mpaka mwisho aondoke nalo. Ndani ya kaburi la kale kuna mtu aliyelala. Tumheshimu kama mtu. Tusimwogope, tusimwulize neno lolote, na zaidi ya yote tusimtoe mtoto aliye hai kuwa malipo ya hofu yetu ya wafu.

Marundo ya mawe katika Maandiko

Wengine wanafikiri habari za vilima vya makaburi ni za wapagani tu. Fungueni Biblia. Katika Yoshua sura ya 7, Akani aliyeiba vitu vilivyowekwa wakfu anakufa katika bonde la Akori, na Israeli wanaweka juu yake rundo kubwa la mawe. Katika sura ya 8 mfalme wa Ai anafanyiwa vilevile, mbele ya lango la mji wake. Na 2 Samweli 18 inatuambia habari za Absalomu, kijana mzuri wa sura, aliyekuwa amejijengea nguzo akiwa hai ili jina lake lisisahauliwe. Mwisho wake ulikuwa shimo katika msitu na mawe mengi juu yake.

Watu walipita kando ya marundo hayo miaka na miaka. Baba alisimama na mwanawe, akamwonyesha, akamwambia: pale analala fulani, alifanya hivi, likampata hivi. Rundo lilikuwa kitabu cha watu wasiokuwa na kitabu. Lakini someni kwa uangalifu: hakuna nabii hata mmoja aliyesema roho ya Akani inakaa pale na kuwakamata wapita njia. Hakuna aliyeagizwa kupeleka kuku kwenye mawe ya Absalomu. Mawe yalifundisha, hayakuabudiwa, wala hayakuogopwa.

Wako wanaotukumbusha mifupa ya Elisha, maana 2 Wafalme 13 inasema maiti iliyoigusa ilirudi kuwa hai. Ni kweli, Mungu alifanya. Lakini je, Israeli walipanga mstari siku ya pili wakileta maiti zao? Hapana. Na tunaposonga mbele hadi sura ya 23, mfalme Yosia anabomoa madhabahu za sanamu na kuchoma mifupa juu yake, halafu anafika kwenye kaburi la mtu wa Mungu. Pale anasimama. Anaamuru mifupa ile iachwe, mtu asiihamishe. Mfalme mwenye bidii kuliko wote katika kuvunja sanamu ndiye aliyejua kuliacha kaburi na amani yake. Sisi tunaopenda kuvunja, tujifunze kwake.

Hofu haina rangi

Tunasikia pia vijana wa masomo wakisema kwamba hadithi za makaburi ni ujinga wa Waafrika. Si kweli. Kule Uingereza, mahali panapoitwa Sutton Hoo, karibu na mto, kuna vilima vya udongo ambavyo watu wa kale waliviinua juu ya wakubwa wao. Shamba lile lilikuwa la mama mjane, Edith Pretty. Inasimuliwa kwamba watu wa karibu naye walisema wameona vivuli vya askari vikitembea jioni kati ya vilima. Wazungu hao! Watu wa umeme na motokari!

Mama yule akamwita Basil Brown, mtu ambaye hakuwa na shule nyingi lakini alijua udongo kama mkulima anavyojua shamba lake. Mwaka 1939 Brown alichimba kilima kikubwa, akakuta alama ya merikebu yenye urefu wa mita 27 hivi. Mbao zilikuwa zimeoza zote. Zilibaki safu za misumari ya chuma na umbo la merikebu katika mchanga. Katikati yake kulikuwa na kofia ya vita, upanga, dhahabu, na vyombo vya feza vilivyotoka mbali. Walikuwa wamemzika mkubwa wao ndani ya merikebu, miaka 1300 na zaidi iliyopita, wakaivuta kutoka mtoni, wakaifunika kwa kilima. Baraza la sheria lilisema mali ile ni ya mama Pretty. Naye akaitoa yote kwa jumba la makumbusho la inchi yake, kusudi kila mtu aitazame.

Mnaona? Kabla ya kufungua, watu waliona askari wa mizimu. Baada ya kufungua, waliona kazi ya mikono ya watu waliompenda mtu wao, wakamlilia, wakampa vitu vizuri vya mwisho. Hofu inakaa mahali ambapo hatujatazama.

Kichuguu chekundu na mji wa mfalme aliyekufa

Sasa turudi kwetu. Sisi wa Katanga tumelelewa na hadithi. Baluba wanasimulia habari za Nkongolo Mwamba, mfalme mwekundu na mkali, ambaye jina lake ndilo jina la upinde wa mvua. Wanasema alikuja mwindaji mgeni, Mbidi Kiluwe, na mwanawe Kalala Ilunga akakua kuwa mpiganaji. Vita vikawa kati ya Nkongolo na Kalala, na mwishowe Nkongolo akakatwa kichwa. Kichwa kile, wanasema, kilifunikwa na kichuguu cha udongo mwekundu kilichoinuka chenyewe. Mtoto aliyesikia hadithi hiyo jioni kando ya moto, kesho yake anapita mbali na kila kichuguu.

Tena, wazee wetu walisema mfalme akifa mji wake haufi naye. Ulibaki kuwa kitenta, mahali pa roho yake. Mwanamke mmoja aliitwa Mwadi, ikaaminiwa kwamba roho ya mfalme inakaa juu yake na kusema kwa kinywa chake. Watu walileta vitu, wakauliza mambo ya vita, ya mvua, ya uzazi.

Hatuwacheki wazee hao. Walikuwa wanatafuta sauti ya kuwaongoza, na injili ilikuwa haijafika kwao. Lakini sisi tunayo Kumbukumbu la Torati 18, inayokataza kuuliza wafu. Tunaye Isaya, anayeuliza katika sura ya 8 kwa nini watu wawaendee wafu kwa habari za walio hai, wakati Mungu wao yupo. Na tunajua mwisho wa Sauli, aliyekwenda usiku kwa mwanamke wa Endori akiwa na njaa na hofu, akarudi na hofu kubwa zaidi. Aliyeuliza kaburi hajawahi kurudi na amani.

Yale tuliyoyaona Sanga

Katika safari moja ya injili upande wa Bukama, tulifika kando ya ziwa Kisale, pale mto Lualaba unapopita kati ya mafunjo. Vijana wetu waliomba tuwapeleke Sanga, kwa sababu shuleni walisikia kwamba ni makaburi ya watu wa zamani sana. Mtu anayetafuta jengo au kilima hatakiona. Kuna ziwa, kuna mitumbwi, kuna samaki wanaokaushwa kwa moshi, kuna watoto wanaocheza. Makaburi yako chini ya miguu.

Mwaka 1957 na 1958 wataalamu, miongoni mwao Jacques Nenquin na Jean Hiernaux, walichimba pale. Katika miaka ya 1970 Pierre de Maret alirudi akaendelea, hapo Sanga na katika mahali pengine pa bonde la Upemba. Kwa jumla walifungua makaburi zaidi ya 100. Mengi yao ni ya kati ya karne ya 8 na ya 13. Ni kusema, watu wale walilazwa pale miaka mingi kabla ya Mreno wa kwanza kufika kwenye mdomo wa mto Kongo mwaka 1482.

Na ndani yake kulikuwa na nini? Vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi. Majembe na shoka za chuma. Bangili na mikufu ya shaba. Pembe za ndovu. Mahali panapoitwa Kamilamba, katika bonde lile lile, mtu mmoja alizikwa na fuawe la mhunzi na shoka la heshima. Shaba haipatikani pale ziwani. Ilitoka kusini, katika inchi ya migodi tunayoijua sote. Basi watu hao walifanya biashara, walisafiri, walikuwa na mafundi. Anayesema babu zetu walikaa gizani bila akili, aende aone vyungu vya Sanga.

Katika makaburi ya baadaye, kuanzia karne ya 14 hivi, walikuta misalaba midogo ya shaba. Mingine ililala kifuani mwa mfu, mingine karibu na mikono. Hapo tunapenda kuwaonya wahubiri. Tumekwisha kusikia mtu akisema juu ya mimbara kwamba misalaba ile ni alama kuwa wazee walimjua Yesu. Wandugu, tusimtetee Mungu kwa uongo. Misalaba ile ilikuwa mali, na baadaye ikawa feza ya kununulia na kulipia. Ni ile ile ambayo sura yake iliwekwa juu ya bendera ya Katanga mwaka 1960. Walimpa mfu mali yake, kama sisi tunavyomvisha koti lake zuri. Msalaba wa Bwana wetu hauhitaji kukopa utukufu kwenye shaba ya watu wengine.

Lakini neno lililotushika zaidi ni juu ya watoto. Katika makaburi ya Sanga kuna watoto wengi, na watoto hao hawakutupwa. Walizikwa kwa heshima, na wengine walipewa vitu vizuri. Wataalamu waliona jambo hili: mtoto aliwekewa vyungu vidogo, na ukubwa wa vyungu ulifuata umri wa aliyezikwa.

Fikirini, akina mama. Zaidi ya miaka 1000 iliyopita, kando ya Kisale, mama amefiwa na mtoto wake. Hana Biblia, hana kanisa, hajasikia habari ya ufufuo. Lakini mtu anakaa chini, anachukua udongo, anafinyanga chungu kidogo kinachotosha mikono ya mtoto huyo. Maana mtoto ni mtoto, hata akifa. Hakuna aliyesema: ndiye aliyetuletea mkosi, mtupeni porini. Walimfinyangia chungu.

Mtoto aliye mlangoni

Sasa tulete neno hili nyumbani.

Katika kusanyiko moja ambalo hatutalitaja, kuna mtoto wa kike wa miaka tisa. Mama yake alikufa kwa ugonjwa. Baada ya miezi, kazi ya baba ikaharibika, na mdogo wake mtoto akapata homa nyingi. Shangazi akaota ndoto: amemwona mtoto akisimama juu ya makaburi ya zamani, nje ya mji. Wakamleta kwa mtu anayejiita mtumishi. Yule akasema: kweli, usiku mtoto huyu anatoka, anakwenda kwa wafu, anakula nao. Akaagiza afungwe siku tatu bila chakula wala maji, na familia ilete feza ya maombi ya ukombozi. Feza zilipokwisha na homa haikwisha, mtoto akafukuzwa. Alilala chini ya meza za soko mpaka mama mmoja mjane wa kanisa letu, anayeuza unga pale, akamwona na kumchukua.

Alipoulizwa kama kweli alikuwa anakwenda makaburini, mtoto alijibu: nilikwenda mara moja, mchana, kutafuta mama.

Wandugu, tusikimbie haraka. Kaeni na jibu hilo kidogo. Mtoto amefiwa, hakuna aliyemwonyesha kaburi la mama yake, naye akaenda kulitafuta. Sisi tukaita uchawi.

Hapa ndipo hadithi za makaburi zinapoacha kuwa hadithi. Jioni kando ya moto ni tamu, zinatusisimua, tunacheka. Lakini asubuhi mtu anaumwa, biashara inaanguka, na hofu inatafuta wa kulipa. Haimkamati mfalme aliyelala kilimani. Inamkamata mtoto yatima, mama mzee mwenye macho mekundu ya moshi, mjane asiye na ndugu wa kumtetea. Wafu hawawezi kufukuzwa nyumbani; mtoto anaweza. Ndiyo sababu anafukuzwa yeye.

Wengine watasema: Mchungaji, mnakana kwamba mapepo yako? Hatukani. Sisi ni watu wa Pentekoste. Tunaamini Roho Mtakatifu anaokoa na kufungua. Basi tusome Marko 5, maana pale kuna mtu aliyekaa makaburini usiku na mchana, akipiga kelele na kujikata kwa mawe. Tazameni Yesu alifanya nini.

Kwanza, Yesu hakuuliza nani amezikwa pale. Hakutoa pepo kwenye makaburi. Alitoa pepo kwenye mtu. Makaburi yalibaki makaburi.

Pili, hakumfunga. Waliomfunga kwa minyororo ni watu wa mji, na minyororo haikusaidia kitu. Yeyote anayefunga kamba mtoto na kusema anamtolea pepo, amesimama upande wa minyororo, hakusimama upande wa Yesu.

Tatu, hakuchukua feza. Kulikuwa na hasara siku ile, nguruwe kama 2000, lakini mtu aliyefunguliwa hakudaiwa hata sarafu moja.

Nne, na hili ni kubwa: watu walipofika walimkuta yule mtu ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Na alipotaka kumfuata Yesu katika chombo, Bwana alimwambia arudi nyumbani, kwa watu wake. Ukombozi wa Yesu ulimtoa mtu makaburini ukampeleka nyumbani. Ukombozi unaomtoa mtoto nyumbani na kumpeleka sokoni kulala chini ya meza, huo umetoka wapi? Jibuni wenyewe.

Tena, tumtii Kaisari katika hili, maana hapa Kaisari amesema neno jema. Sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009, inayolinda mtoto, inakataza kumshitaki mtoto kwamba ni mchawi, na inaweka adhabu. Mtumishi anayefanya hivyo amevunja Neno la Mungu na sheria ya inchi kwa siku moja.

Tutembelee namna gani?

Kwa wale waliouliza kama Mkristo anaweza kwenda kuona makaburi ya kale, jibu ni ndiyo, na tunatoa mashauri haya.

Nendeni mchana, na muombe ruhusa kwa chefu na wazee wa mahali. Makaburi yana wenyewe. Ibrahimu alipomzika Sara alilipa shekeli 400 mbele ya mashahidi, ijapokuwa Wahiti walitaka kumpa bure. Hakuchukua udongo wa watu kwa ujanja.

Msichimbe, msiokote. Kigae cha chungu au msalaba wa shaba ukitolewa mahali pake na kuuzwa, ni kurasa iliyopasuliwa katika kitabu ambacho watoto wetu hawajakisoma. Kijana unayejua mahali penye vitu vya kale, mwambie chefu, mwambie mwalimu, au wapashe habari watu wa makumbusho kule Lubumbashi. Usimwite mnunuzi.

Msilete kitu kwa wafu, msitwae udongo wa kaburi kwa dawa, msinyunyize kitu, wala msiseme nao. Mkitaka kuomba, ombeni kwa Mungu aliye hai, mkimshukuru kwa ajili ya watu waliotutangulia katika inchi hii.

Msiogope. Wengi tuliambiwa utotoni kwamba ukinyooshea kaburi kidole, kidole kitakatika. Wataalamu walifungua makaburi ya Sanga kwa koleo na brashi, wakaandika, wakarudi makwao na vidole kumi.

Na pelekeni watoto. Waonyesheni makaburi ya ndugu zao waliokufa, hasa waliofiwa na mama au baba. Shikeni mikono yao. Waambieni: mama analala hapa, hakukuacha kwa kupenda, na Yesu anamjua. Mtoto aliyeonyeshwa kaburi mchana hatahitaji kulitafuta peke yake.

Mlango wa tumaini

Tulianza na rundo la mawe la Akani katika bonde la Akori. Jina hilo maana yake ni taabu. Kwa miaka mamia waliopita pale walikumbuka aibu. Lakini katika Hosea sura ya 2, Mungu anaahidi kwamba bonde hilo hilo la Akori atalifanya kuwa mlango wa tumaini. Hakusema ataondoa mawe. Mawe yapo, kaburi lipo, lakini Mungu anaweka mlango pale pale.

Na Yesu, katika Yoane 5, anasema saa inakuja ambapo wote waliomo makaburini wataisikia sauti yake na kutoka. Wote: wa Sutton Hoo na wa Sanga, mfalme mwenye dhahabu na mtoto mwenye chungu kidogo. Hukumu ni yake; si yetu kujua kila mmoja atasimama wapi. Lakini tunajua ni sauti ya nani itakayoita makaburini. Ya kwake tu. Kama wafu wenyewe wanangojea sauti ya Yesu, sisi tulio hai tunangojea sauti ya wafu kwa sababu gani?

Tunamaliza kwa kusema na mtu mmoja. Baba wa mtoto yule, hatulitaji jina lako, na hakuna atakayelitaja. Mtoto wako yu hai. Anakula, amerudi shule, anajua nyimbo nyingi za kwaya ya watoto. Kila jioni anakaa mlangoni kwa mama aliyempokea, akitazama njia. Mdogo wake alipona homa, nawe unajua kwamba alipona kwa dawa ya kituo cha afya. Njoo. Hakuna atakayekuhukumu mlangoni. Tutakwenda pamoja nawe, tuonyeshe mtoto kaburi la mama yake, tuombe, kisha mtarudi nyumbani wote.

Na kila nyumba yenye mtoto aliyesemwa vibaya, leo kabla ya giza, mwiteni, mpeni chakula kwenye sahani yake mwenyewe, mlaleni chini ya paa moja. Watu wa Kisale walimpa mtoto aliyekufa chungu chake. Sisi tuliomjua Kristo tutashindwa kumpa mtoto aliye hai sahani?

Tuombe. Baba yetu, wewe uliye Mungu wa walio hai, ondoa hofu ya makaburi katika mioyo yetu. Uwape pumziko waliolala, uwape nyumba watoto waliofukuzwa, uwape watumishi wako haya ya kutokula feza ya yatima. Utufanye mlango wa tumaini katika bonde la taabu. Katika jina la Yesu. Amina.